Saa Mbili Nilizompa Mwalimu

Mwanamke aliyenifundisha kusoma na kuandika alilazwa hospitalini siku sita kwa sababu yangu, na katika siku mbili za mwanzo mimi nilikuwa bado nasema uongo. Nimewahi kuisimulia habari hii mara kadhaa nikiwa nimeipunguza makali, nikianza na umri wake, au na bidii yake iliyopita kiasi. Leo nitaianza mahali ilipoanzia, yaani kwangu.

Nilirudi Machakos nikiwa na miaka ishirini na tisa, baada ya kukaa Syokimau miaka minne. Huko nilikuwa nimeajiriwa katika jimu moja kubwa yenye vioo ukuta mzima. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki, kufuta jasho kwenye viti vya mazoezi, na kurudisha vyuma mahali pake wateja wakishaondoka. Asubuhi na mapema kabla ya kufunguliwa niliruhusiwa kufanya mazoezi yangu mwenyewe, nikiiga niliyoyaona jana yake, na mwili ulinikubali. Mabega yalitanuka, shingo ikanenepa. Jimu ile ilipofungwa nikarudi nyumbani kwa mama, na kila aliyeniona mjini alidhani kwamba huko nilikuwa mkufunzi. Sikumsahihisha hata mmoja.

Kulikuwa na mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye alikuwa amefungua chumba cha mazoezi ghorofani, juu ya duka lake. Vyuma vingine alinunua, vingine aliungiwa na fundi wa kuchomelea. Aliitazama mikono yangu akaniuliza, "Ulikuwa unafundisha watu huko?"

"Miaka minne," nikamjibu.

Miaka minne ilikuwa ya kweli. Hakuuliza cheti, nami sikumpa nafasi ya kuuliza. Nilianza Jumatatu.

Wateja wetu walikuwa vijana wa boda boda, makarani wa ofisi za kaunti na wanawake wachache waliokuja kabla ya kazi. Waliniita Kocha. Katika wiki yangu ya kwanza nilichukua karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito nikaandika, "Saa mbili au ubaki nyumbani," nikaibandika ukutani karibu na saa. Hesabu hiyo niliitoa Syokimau. Kule, wanaume wenye vifua vikubwa walikuwa wakiingia na kukaa saa mbili, wakati mwingine zaidi, na mimi nikiwasubiri na ndoo yangu ya maji niliona muda wote huo ukipita. Walinyanyua mara kumi, wakakaa kuzungumza juu ya magari, wakapigana picha, wakajibu simu, wakanyanyua tena. Haikunijia kamwe kwamba ukiondoa mazungumzo na picha, chuma kilikuwa mikononi mwao labda nusu saa. Mimi nilichukua ile saa ya ukutani kama ilivyo nikaifanya kuwa elimu.

Mwalimu alikuja mwezi wangu wa tatu pale. Alipanda ngazi polepole akiwa amevaa sketi ndefu, raba nyeupe na fulana ya mashindano ya michezo ya walimu, kitambaa kichwani. Nilimtambua kabla hajafika juu. Alinifundisha darasa la kwanza hadi la tatu katika shule ya upande wa Muthetheni, tulikokuwa tukiishi wakati huo. Ni yeye aliyenionyesha jinsi ya kusoma saa, akizungusha mishale ya kadibodi kwa kidole. Sasa alikuwa amestaafu na kujenga karibu na mji.

"Wewe ni yule wa dawati la nyuma," akasema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi leo wewe ndiye mwalimu. Nifundishe."

Akanieleza. Daktari alikuwa amemwambia sukari inapanda na misuli yake imelegea. Mwezi uliopita alianguka nyumbani akiwa amebeba mtungi wa maji. Binti yake, anayefanya kazi katika ofisi za kaunti, ndiye aliyemwambia ajaribu mazoezi ya vyuma. Akakaa kwenye kiti cha mazoezi, akatoa miwani, daftari na kalamu.

"Kwanza niambie. Mazoezi haya yanafaa kuchukua muda gani?"

Hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza. Wateja wengine walisoma karatasi wakanyamaza. Nilitazama ukutani.

"Masaa mawili, Mwalimu."

"Saa mbili," akanisahihisha bila kuinua macho. "Masaa ni ya mtaani." Akaandika. "Na kwa nini saa mbili?"

Hapo ndipo ningesema sijui. Maneno mawili tu. Badala yake nikasema, "Chini ya hapo mwili haujui kama umefanya kitu. Damu inachukua karibu saa nzima kufika kwa misuli."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mtoto wa darasa la nne angenicheka. Mwalimu alinitazama kidogo juu ya miwani, kisha akayaandika nayo.

Wiki za kwanza alikuja kila Jumanne na Alhamisi, lakini hakufikisha saa mbili hata mara moja. Kulikuwa na mkutano wa kikundi cha akina mama, au matanga, au mume wake alikuwa peke yake nyumbani. Akifika dakika ya arobaini alifunga daftari na kuniomba radhi. "Leo sijamaliza saa zangu, Mwalimu." Aliniita hivyo mbele ya watu wote, na hakuwa akinidhihaki. Na katika dakika hizo arobaini alikuwa akiendelea vizuri kuliko wengi. Aliniambia ngazi za kanisa zimekuwa nyepesi, na kwamba usingizi umerudi. Kama ningekuwa na akili ningejifunza kwake pale pale.

Nilichofanya ni kumtania. "Mwalimu anatoroka darasa tena!" nilisema kwa sauti, na vijana wakacheka. Yeye pia alicheka, huku akivuta kitambaa chake mbele. Nitalisema lililokuwa moyoni mwangu, maana nimelificha muda mrefu. Nilifurahia. Nilifurahia kwamba mtu aliyekuwa akiniamuru nisimame na nikae sasa ananiomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Jumamosi moja mwenye duka alikuja na wanawake kumi na wawili wa kikundi cha kanisa. Walikuwa wanafikiria kujiunga wote pamoja, lakini kwanza walitaka kuona. "Waonyeshe kitu," mwenye duka akaninong'oneza. Nami nilikuwa na cha kuonyesha, kwa sababu Mwalimu alikuwa ametoka kuingia. Aliniambia ana nafasi asubuhi yote. Leo atamaliza.

Nikamsimamisha katikati ya chumba. "Huyu alinifundisha darasa la kwanza," nikawaambia wageni. "Ana miaka sitini na tatu. Na leo mtamwona akifanya saa mbili kamili."

Wakapiga makofi. Akaona haya, akatabasamu.

Nilimpa chuma kirefu begani achuchumae na kusimama, mara kumi, kisha kumi tena, kisha kumi tena. Nikampa vya mikono. Nikamrudisha kuchuchumaa. Wale wanaume wa Syokimau walikuwa na magari ya kuzungumzia kati ya raundi moja na nyingine, lakini Mwalimu hakuja kuzungumza. Alipomaliza raundi alisubiri amri, nami amri nilikuwa nazo tele. Alipoomba maji nilimwambia maji ni ya baadaye, yanamfanya mtu awe mzito tumboni. Hilo nalo nilikuwa nimelisikia mahali.

Saa moja ilipopita akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mapaja yanatetemeka. Yanakataa."

"Ni udhaifu unatoka!" nikasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Bado saa moja!"

Wanawake walishangilia. Mmoja wao tu, mwembamba aliyekaa karibu na dirisha, ndiye ambaye hakushangilia. Alisema, "Kwani huyu mama hachoki?" Nikajifanya sikusikia.

Baada ya nusu saa nyingine Mwalimu alikaa ghafla bila kuambiwa. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama majivu, na jasho lilikuwa limekauka. Nilimshika mkono nikamwinua, nikahesabu kwa sauti, nao wageni wakahesabu pamoja nami. Alimaliza. Saa ilipotimia akaitazama, akaandika kitu kwenye daftari, akashuka ngazi kwa upande, mguu mmoja mmoja, ameshika chuma cha ngazi kwa mikono miwili. Nilimwona. Nilisimama pale juu nikamtazama mpaka akafika chini, na sikushuka kumsaidia kwa sababu wageni walikuwa wakijiandikisha. Nane walijiandikisha. Mwenye duka alinipiga begani.

Jumapili mama alirudi kutoka kanisani akasema Mwalimu hakuonekana. Nikamwambia ni maumivu ya kawaida, kila anayeanza huumwa. Mama alinitazama akauliza, "Kwani ulimfanyisha nini?" Nikamwambia mazoezi.

Jumatatu mchana binti yake alikuja. Alikuwa na nguo za ofisini, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Hakusalimia.

"Mama hawezi kuinua mikono hata kuchana nywele. Mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya strungi. Tulimpeleka hospitali jana jioni, wamemlaza. Daktari anataka kujua alifanya nini hapa Jumamosi, na kwa muda gani."

Mwenye duka alikuwa amepanda juu kuniletea ufunguo. Alisimama mlangoni akisikiliza. Nami niliona nafasi yangu ya kazi, jina langu mjini, lile la Kocha, vyote vikiwa vimesimama pale mlangoni pamoja naye.

"Ya kawaida tu," nikasema. "Mepesi. Kama nusu saa hivi."

"Nusu saa?"

"Nusu saa. Pengine amekula kitu kibaya."

Aliandika kwenye simu yake. Nilimwona akiandika, kidole chake kikigonga kila herufi ya uongo wangu ili aupeleke kwa daktari. Akashuka. Mwenye duka akangoja hadi sauti ya viatu ikaisha kwenye ngazi, kisha akasema, "Umejibu vizuri."

Nimetukanwa maishani, na nimewahi kuitwa mwizi kwa kosa lisilokuwa langu. Hakuna lililonichafua kama sifa ile.

Kesho yake asubuhi, kabla ya wateja kuja, nilisimama dirishani nikatafuta kwenye simu: mkojo mweusi baada ya mazoezi. Nilisoma kwamba misuli ikifanyishwa kazi kupita uwezo wake huweza kuvunjika, na uchafu wake ukaingia kwenye damu na kuziba figo. Kwamba maji husaidia, na kuyakosa huongeza madhara. Kwamba wengine hupona, wengine huwekwa kwenye mashine, wengine hufa. Na kwamba ni muhimu daktari ajue mgonjwa alifanya nini. Nikasoma mara mbili. Kisha wale wanawake wanane wakafika kwa siku yao ya kwanza, nami nikawafanyisha nusu saa nikawaambia basi, nina dharura. Hawakuuliza iweje. Mmoja alitazama karatasi ya ukutani, akanitazama.

Ningependa kusema nilikwenda hospitalini kukiri. Haikuwa hivyo. Nilinunua machungwa ya Kangundo sokoni nikaenda kuona kama anaendelea kupona, maana akipona labda hapangekuwa na haja ya kusema lolote.

Alikuwa amelala chali, dripu mkononi, mikono yote miwili imewekwa juu ya blanketi kama vitu vya mtu mwingine. Uso ulikuwa umevimba. Binti yake alikuwa amekaa upande mmoja, na daktari, dada kijana mwenye sauti ya upole, alikuwa akipitia karatasi upande wa pili.

"Umekuja," Mwalimu akasema.

"Pole, Mwalimu."

"Huyu ndiye wa jimu," binti akamwambia daktari.

"Afadhali," daktari akasema, akanigeukia. "Tumebaki tukishangaa. Vipimo vinaonyesha misuli imeumia vibaya sana, na nusu saa ya mazoezi mepesi haileti hali hii. Kwa hivyo tunatafuta sababu nyingine. Tumesimamisha dawa zake za kawaida, na tulikuwa tunafikiria kumpeleka Nairobi kwa vipimo zaidi. Mama mwenyewe tumemuuliza, amekataa kusema."

"Sikukataa," Mwalimu akasema, macho yakiwa kwenye dari. "Nilisema aulizwe yeye. Yeye ndiye aliyekuwa anaangalia saa."

Daftari lake lilikuwa juu ya kabati dogo karibu na kitanda, miwani imewekwa juu yake. Nililiona. Kila kitu kilikuwa mle ndani, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kwa mwandiko wake. Alikuwa hajamfungulia mtu yeyote. Alikuwa ameniachia mimi.

Wote watatu walinisubiri.

"Ilikuwa saa mbili," nikasema.

"Saa mbili mfululizo?" daktari akauliza.

"Mfululizo."

"Alikuwa anapumzika?"

"Kidogo sana."

"Maji?"

"Aliomba. Nilimkatalia."

Daktari alikuwa akiandika. Hakuinua sauti, na upole wake ulinifanya nitamani angeinua. "Ni nani alipanga iwe saa mbili?"

"Mimi."

"Ulisomea wapi?"

Nilitazama machungwa yangu. "Sijasomea. Syokimau nilikuwa napiga deki."

Binti wa Mwalimu alisimama. "Jana uliniambia nusu saa. Mimi nikamletea daktari nusu saa."

"Nilikudanganya."

Nilidhani atanipiga kofi, na nilikuwa tayari. Alichukua mfuko wa machungwa mkononi mwangu bila kunigusa, akatoka nao, akauweka kwenye benchi la nje, akarudi mikono mitupu. Daktari akasema basi hawana haja ya kutafuta mbali, akatoka kuzungumza na muuguzi juu ya maji ya dripu. Mwalimu akamwomba binti yake naye atoke kidogo. Binti hakutaka. Mwalimu akasema, "Nenda," kwa sauti ile ninayoijua, naye akaenda.

"Kaa," akaniambia.

Nikakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Siku ile nilipokuuliza kwa nini saa mbili, ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui, Mwalimu."

"Nilijua hujui. Ulitazama ukutani. Hata darasa la pili ulikuwa unatazama ukutani."

Muuguzi alipita na toroli, tukangoja sauti yake iishe.

"Na mimi nina aibu yangu," akaendelea. "Nilijua, na bado nilifanya. Sikutaka wale akina mama waone nimeshindwa."

"Hiyo si aibu yako, Mwalimu. Ni mimi."

"Usinipangie," akasema. Akavuta pumzi, maana hata kusema kulimchosha. "Lakini ile nusu saa uliyomwambia mtoto wangu, hiyo ni yako peke yako. Hiyo sikusaidii kuibeba."

Akafumba macho. Nilikaa pale mpaka nikaelewa kwamba ameniruhusu niondoke.

Figo zake zilistahimili. Alitoka hospitalini siku ya sita, akiwa ameambiwa asinyanyue chochote kwa wiki kadhaa. Mimi nilibandua ile karatasi ukutani, na Alhamisi wale wanawake walipokuja niliwasimamisha nikawaambia yote: kwamba mama waliyemshangilia amelazwa, kwamba mimi sina masomo yoyote ya kazi hii, kwamba saa mbili nilizibuni. Yule mwembamba wa dirishani akauliza, "Basi ni muda gani unaofaa?"

"Sijui," nikamjibu. Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mtoto.

Wakachukua mikoba yao. Mwenye duka aliniambia nimemwaga unga wake, na nisirudi Ijumaa. Sikurudi.

Mama alisema hilo jambo haliishi kwa kusema pole hospitalini. Kwa hivyo Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikwenda nyumbani kwa Mwalimu watu watatu, mimi, mama na mjomba, tukiwa na sukari, majani ya chai na unga. Mume wa Mwalimu alitupokea. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ambaye masikio yake yamedhoofika, na hilo sikulijua. Tuliketi uani. Mjomba alitangulia kwa maneno ya heshima kama inavyofaa, kisha nikaambiwa niseme mwenyewe. Nikasema, kichwa nimekiinamisha.

"Ngapi?" mzee akauliza, mkono nyuma ya sikio.

"Saa mbili."

"Ngapi?"

"Saa mbili!" nikapaza sauti.

Upande wa pili wa ua jirani alikuwa analima. Jembe likanyamaza.

"Na binti yangu ulimwambia ngapi?"

"Nusu saa!"

"Kwa nini?"

Nikalazimika kulisema na hilo kwa sauti ya juu, kwamba niliogopa kupoteza kazi, na likavuka ua likaenda zake. Mama alikuwa akifuta macho kwa ncha ya leso. Mzee alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu isiyolingana. Akasema, "Haya," akamwita mtu alete chakula.

Ilikuwa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, moto, sahani imejaa. Mwalimu mwenyewe alitoka ndani akitembea taratibu, akakaa nasi. Mikono yake ilikuwa bado haijapata nguvu, hivyo alishika kijiko kwa ngumi kama mtoto anavyokishika. Kila kijiko nilichotia kinywani kilikuwa kizito kumeza. Kukataa kungekuwa matusi, kwa hivyo nilikula nikamaliza, na mzee, ambaye hakujua au alijua sana, akaniongeza.

Baadaye nilikwenda Nairobi kusoma kazi hiyo, mwaka mzima. Siku moja mkufunzi alifika kwenye swali la muda. Alisema kwa watu wengi dakika arobaini na tano hadi saa moja hutosha, tena kwa anayeanza au mwenye umri mkubwa nusu saa huweza kuwa kazi tele. Cha kuangaliwa ni kazi iliyofanywa, mapumziko, maji, na jinsi mtu anavyoamka kesho yake. Muda mrefu zaidi mara nyingi ni wa maongezi. Darasa likacheka. Alilieleza jambo hilo kwa chini ya dakika moja, akafuta ubao, akaendelea na lingine. Nilibaki nimeshika kalamu. Kumbe lilikuwa jambo la chini ya dakika moja. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote anayejua, siku yoyote, akanijibu amesimama.

Nasikia Mwalimu yuko salama. Mama hukutana naye kanisani. Anafanya mazoezi nyumbani na chupa zilizojazwa mchanga, kwa mpango alioandikiwa na mtaalamu wa hospitalini, na anaacha anapochoka. Hajaniuliza chochote kuhusu hilo, nami sijampelekea ushauri wowote.

Sikuweza kufanya kazi tena Machakos mjini. Niko Kangundo, na chumba kidogo cha mazoezi cha kukodi, na cheti ukutani ambacho wateja hawakitazami. Lakini kibali cha biashara huchukuliwa Machakos, katika ofisi za kaunti, na huko binti wa Mwalimu hukaa dirisha la pili. Mara ya kwanza nilipomwona pale nilihamia foleni ya dirisha la tatu, iliyokuwa ndefu hadi nje. Mwaka uliofuata nilifanya vivyo hivyo. Mwaka huu dirisha la tatu lilikuwa limefungwa na watu wote wameelekezwa la pili. Nilisimama kwenye foleni na fomu zangu mpaka wakabaki watu wawili mbele yangu. Nilimsikia akimuuliza mama mmoja jina la biashara yake, kwa adabu, kalamu mkononi. Nikakunja fomu, nikatoka, nikarudi Kangundo bila kibali. Nilikwenda tena Jumatatu, dirisha la tatu lilipofunguliwa.